Niliacha WhatsApp yangu wazi kwenye kompyuta ya steshenari, nifanyeje?

"Habari za kazi mtaalamu. Niko Morogoro nauza vitenge na mashuka, wateja wangu karibu wote nawapata WhatsApp. Wiki hii nilienda steshenari kuprinti fomu ya mkopo na picha ya kitambulisho changu cha NIDA, kijana wa pale akasema niskani ile QR kwenye kompyuta yao ili tushushe faili haraka maana foleni ilikuwa ndefu. Nikaskani. Tulipofika ukurasa wa mwisho umeme ukakatika, nikalipa nikaondoka zangu nikijua kompyuta imezima basi imeisha. Sasa naona meseji za wateja zimeshasomwa kabla sijazigusa, mteja mmoja kaniambia mbona unasoma hujibu, tiki za bluu naziona. Nimezima data usiku kucha, nimeweka ile PIN ya namba sita, bado. Shemeji yangu anasema nikarenew laini. Kinachoniuma zaidi nilikuwa nimepanga nianze kutumia WhatsApp kwenye laptop yangu maana kujibu wateja wote kwa simu vidole vinachoka, ila sasa naogopa, na laptop yenyewe ni ya zamani ina Windows 7. WhatsApp ya kwenye kompyuta ni salama kweli au niachane nayo?"

Pole sana dada yangu. Kabla hujasoma zaidi chukua simu kwanza tufanye jambo moja, maana hilo haliwezi kusubiri maelezo yangu marefu. Fungua WhatsApp, gusa zile nukta tatu juu kulia, utaona pameandikwa Linked devices, na kama simu umeiweka Kiswahili utakuta Vifaa vilivyounganishwa (wenye iPhone waingie Settings). Hapo kuna orodha ya kila kompyuta ambayo WhatsApp yako iko wazi sasa hivi, na kwa ulivyoeleza natarajia utakuta mstari umeandikwa Google Chrome na Windows, au jina la brauza nyingine, na chini yake saa ambayo imetumika mara ya mwisho. Usiitoe bado. Piga skrinishoti ya hiyo orodha, ile saa ionekane vizuri, halafu ndo uguse ule mstari na ubonyeze Log out. Nasisitiza skrinishoti kwa sababu ukishatoa tu mstari unapotea na saa inapotea nayo, na ikitokea huko mbele unahitaji kumwonyesha mtu, iwe mwenye duka au polisi, kwamba saa tano usiku umelala kuna kompyuta ilikuwa inatumia akaunti yako, hutakuwa na kitu mkononi.

Ukishabonyeza hapo basi, kule dukani ukurasa unarudi kwenye QR na chati zako zinaondoka. Kama kompyuta yao saa hizi imezimwa usiwe na wasiwasi, ikiwashwa na kupata intaneti inatolewa yenyewe. Huhitaji kumpigia kijana yeyote simu kumuomba akutoe, mamlaka yapo kwenye simu yako wewe.

Sasa tuje kwenye hofu yenyewe. Kuzima data hujafanya ujinga hata kidogo, zamani ilikuwa inafanya kazi. WhatsApp Web ilipoanza Januari 2015 kompyuta ilikuwa kama kioo tu cha simu, kila meseji inapita kwenye simu kwanza ndo ionekane kwenye skrini, simu ikiisha chaji au bando likikata na kompyuta inakwama hapo hapo. Watu wengi wameishi na hiyo miaka kadhaa ndo maana ushauri wa "zima data" bado unazunguka mitaani. Lakini kuanzia 2021 walibadilisha mfumo wote, wakaanza kwa majaribio mwezi wa saba mwaka huo kisha ukaenea kwa kila mtu. Siku hizi unaweza kuunganisha vifaa mpaka vinne mbali na simu yako, na kila kimoja kinajitegemea, kinaongea na mitambo ya WhatsApp moja kwa moja bila kuuliza kama simu iko hewani. Simu yako inaweza kuzima wiki nzima na kompyuta ikaendelea kupokea na kutuma. Kinachovifukuza ni simu yenyewe kutotumika kwa zaidi ya siku 14, hapo ndo vifaa vyote vinatolewa, sasa hebu niambie nani mwenye biashara atazima simu siku 14.

Kinachotokea pale unaposkani ni hiki. Kompyuta inatengeneza ufunguo wake wa siri, ndio msingi wa ule usiri ambao WhatsApp wanauita end-to-end, yaani anayetuma na anayepokea tu ndo wanaosoma, halafu ile QR inabeba taarifa za huo ufunguo kuja kwenye simu yako na simu inasaini kwamba ndiyo, huyu ni wangu. Yaani ni sawasawa na kumchongea mtu ufunguo wa mlango wako, baada ya hapo hata wewe ukilala ukafunga mlango na kuzima taa yeye bado ana ufunguo mfukoni. Kuanzia dakika hiyo mteja wako akikuandikia "bei gani kile cha kijani", simu yake inafunga hiyo meseji mara mbili, nakala moja kwa ufunguo wa simu yako na nyingine kwa ufunguo wa ile kompyuta. Na kabla ya hapo simu yako ilishaitumia kompyuta hiyo furushi la chati za nyuma za karibuni ili isianze patupu. Kwa hiyo usiri haujavunjwa na wala hujahakiwa kwa maana watu wanayoifikiria, mfumo umefanya kilekile ulichouambia, shida ni kwamba hakuna aliyekueleza kwamba kuskani kwa ajili ya faili moja ni kukabidhi chati zote.

Na umeme kukatika haukusaidii kitu. Ule ufunguo hauko kwenye kumbukumbu ya muda ambayo umeme ukienda inafutika, unahifadhiwa ndani ya brauza kwenye diski. Umeme ukirudi anawasha kompyuta, anafungua Chrome, Chrome inamuuliza kama inarudishia kurasa zilizokuwa wazi, anabonyeza ndiyo, na WhatsApp yako inafunguka pale ilipoachwa. Hata kufunga ukurasa kwa ile alama ya X si kulogauti, ndilo kosa ninaloliona kuliko yote, mtu anafunga ukurasa anaondoka na amani. Anayekuja nyuma yako kwenye foleni naye anataka kushusha faili lake, wanafungua WhatsApp Web, badala ya QR wanakuta chati zako.

Ndiyo maana nakuomba usikimbilie kusema yule kijana anakupeleleza. Inawezekana, sikatai. Ila inawezekana kabisa pia kwamba ni wateja tofauti tofauti wamekuta ukurasa uko wazi, mmoja akagusa chati ya kwanza akidhani ni yake, mwingine akagusa kwa umbea tu. Chati ikifunguliwa pale, mteja wako anapata tiki za bluu, na kwenye simu yako kile kiduara cha kijani chenye namba kinapotea kwa sababu mfumo unahesabu wewe ndo umesoma. Hicho ndicho ulichokiona. Jambo la kuangalia kwa makini ni kama kuna meseji zilizotumwa ambazo si zako. Pitia chati za wateja wako wakubwa na za ndugu, angalia kama kuna mtu ameombwa hela kwa jina lako au ametumiwa namba ya malipo usiyoijua. Meseji inaweza kufutwa baada ya kutumwa ila mara nyingi inaacha ule mstari wa kusema umefuta ujumbe huu, ukiuona na hukumbuki kufuta chochote muulize huyo mtu aliona nini.

PIN ya namba sita nakupongeza umeiweka na usiitoe, ila elewa inalinda mlango mwingine. Inaulizwa pale mtu anapojaribu kusajili namba yako kwenye simu nyingine, yule tapeli anayekupigia na kukuomba utaje namba zilizokuja kwa SMS. Huyo akifanikiwa wewe mwenyewe unatolewa kwenye WhatsApp ya simu yako. Kwenye kuunganisha kompyuta hiyo PIN haiulizwi kabisa, kinachoulizwa ni lock ya simu yenyewe, kidole au uso au pattern, na kama simu haina lock basi hakiulizwi chochote, yeyote anayeishika sekunde kadhaa anaunganisha kompyuta yake na kukurudishia simu ukiwa hujui. Nikuambie ukweli wa kazi hii, wengi wanaoniletea simu wakisema wamehakiwa nikifungua ile orodha nakuta kifaa, na aliyekiunganisha ni mtu wa karibu, mume, mke, mpenzi, mfanyakazi wa dukani. Kwa hiyo weka lock, na ile orodha iwe unaipitia hata mara moja kwa wiki kama unavyoangalia salio.

Na kurenew laini mwambie shemeji asante lakini hapana. WhatsApp haisomi laini kila siku, ilithibitisha namba yako siku uliyosajili basi, unaweza hata kuchomoa laini na WhatsApp ikaendelea. Ungeenda ukapanga foleni ukarudi na laini mpya ya namba ileile na kile kifaa kingekuwa bado kipo kinasoma.

Sasa kuna kitu ambacho Log out hakikifanyi, na hiki ndicho kingeninyima usingizi mimi kuliko tiki za bluu. Faili lililoshushwa halirudi. Fomu yako ya mkopo na picha ya kitambulisho viko kwenye folda la Downloads la ile kompyuta, pamoja na vya watu wengine, ukifungua Downloads ya steshenari yoyote mjini utakuta vyeti vya kuzaliwa, CV, mikataba ya nyumba, pasipoti, vyote vimelala pale. Rudi dukani, nenda kwa upole, mwambie mwenye duka naomba tufute mafaili yangu. Mfungue folda lenyewe la Downloads, msiishie kwenye ile orodha ya Chrome inayokuja ukibonyeza Ctrl na J, kwa sababu kufuta jina kwenye orodha si lazima kufute faili. Mkishalichagua mbonyeze Shift na Delete kwa pamoja lisiende kukaa Recycle Bin, lile kapu la taka la kompyuta. Wenye maduka wengi ni waelewa, hawajui tu kwamba wanafuga hatari. Ukiwa na muda piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, ukikuta usiyoijua nenda duka la huo mtandao ukiwa na kitambulisho chenyewe.

Utaniuliza, sasa siku nyingine nikiwa na kitu cha kuprinti nifanyeje, maana printa sina. Hakuna njia isiyo na dosari kabisa, nikupe zote na ubaya wake. Njia ninayoipendekeza ni kulituma faili kwenye namba ya WhatsApp ya duka au kwenye email yao. Ubaya wake ni kwamba wanabaki na faili hilo na namba yako, lakini ni faili moja, chati zako hawazigusi. Likishaprintiwa lifute kwa kuchagua kufuta kwa wote, unayo siku mbili na kidogo kabla hiyo nafasi haijafungwa, na hata hivyo omba uone wakilifuta kwenye Downloads maana kufuta kwenye chati hakugusi kilichokwisha kushushwa. Flashi ni nzuri kwa usiri ila kompyuta za steshenari zinachomekwa flashi za kila mtu, unaweza kurudi nyumbani na kirusi, mafaili yako yote yamegeuka shortcut. Kitambulisho usikipige picha kabisa, nenda na kadi yenyewe iwekwe kwenye mashine ya fotokopi, dakika moja umemaliza. Na kama umebanwa kabisa lazima uskani, mwambie afungue dirisha la siri la brauza, lile la incognito, mkimaliza mfunge madirisha yote ya namna hiyo mbele yako, halafu wewe mwenyewe ukiwa bado umesimama pale toa kifaa kwenye simu. Usiondoke kwenye kaunta kabla hujauona ule mstari umepotea, umeme ukatike usikatike.

Lini suala hili linatoka mikononi mwangu na kuhitaji mtu wa kukaa naye uso kwa uso? Kama umekuta mteja ametuma hela kwenye namba si yako, au mtu anakutishia kwa picha au maongezi yako, nenda kituo cha polisi, toa maelezo, chukua RB (namba ya kumbukumbu ya ripoti yako), na waambie ni kosa la mtandao ili likafike kwa wanaohusika. Beba ile skrinishoti na namba iliyopokea hela. Kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, mtu asikwambie "si ulimwachia mwenyewe" ukanyamaza, ulimwachia faili. Hela ikiwa imetoka muda huo huo anza na huduma kwa wateja ya mtandao uliotumika kabla hata ya kituo, kila dakika ina maana, na ile meseji ya utapeli itume kwenda 15040. Kama duka linakataa katakata kufuta kitambulisho chako ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, sheria yake ni ya 2022, wanapokea malalamiko. Na kama umetoa vifaa vyote, orodha ni tupu, umeweka lock, na bado baada ya siku mbili tatu meseji zinasomeka zenyewe, hapo tatizo si kompyuta ya steshenari tena, kuna uwezekano kuna programu ya kupeleleza kwenye simu, au simu yenyewe kuna anayeishika. Ipeleke kwa fundi unayemwamini aiangalie ukiwepo, usimwachie ulale bila simu.

Kabla ya laptop, tahadhari moja fupi. Siku hizi kuna njia ya kuunganisha kompyuta bila QR, unaandikiwa herufi na namba nane za kuingiza kwenye simu. Matapeli wanaitumia sana, anakutumia linki ya kupigia mtoto wa mtu kura au ya kupata bando la bure, halafu anakwambia weka herufi hizi nane kwenye WhatsApp uhakikishe. Ukiziweka umemuunganisha yeye. QR nayo ni hivyo hivyo, usiskani QR uliyotumiwa na mtu, unaskani ile tu ambayo umeifungua mwenyewe kwenye kompyuta iliyo mbele yako.

Haya sasa laptop yako. Jibu langu ni ndiyo, tumia, kwa biashara kama yako inasaidia sana na ningesikitika kama steshenari moja ingekunyima. Kilichokuponza ni kompyuta ya watu wengi, laptop ya kwako peke yako ni habari tofauti. Andika mwenyewe web.whatsapp.com pale juu kwenye brauza, usitafute Google ukabonyeza tangazo la kwanza maana kurasa za kuigiza zipo. Ukishaunganisha ingia Settings, sehemu ya Privacy, kuna Screen lock, weka neno la siri na uchague ijifunge baada ya dakika moja au robo saa, hiyo ni mbali na neno la siri la laptop yenyewe ambalo nalo uwe nalo. Watoto wakichukua laptop kuangalia katuni hawatajibu wateja wako.

Kama bado unatumia WhatsApp ya kawaida kwa biashara hamia ile ya WhatsApp Business, ni bure, na kwenye kompyuta ndo utamu wake unaonekana. Unatengeneza majibu ya haraka kwenye simu, mfano unaandika maelezo yote ya kitenge, bei ya doti, gharama ya kutuma Dodoma na Dar, namba ya kulipia, unayapa jina bei. Kwenye laptop mteja akiuliza unaandika alama ya / na neno bei, maelezo yote yanatokea, unabonyeza Enter. Wenye oda unawawekea lebo, amelipa, bado kulipa, imetumwa, jioni unajua nani unamdai bila kupekua chati moja moja.

Jambo la bando nalo ulijue mapema. Kwa kuwa kila kifaa kinajitegemea, picha ikija simu inaishusha kivyake na laptop kivyake, na kama laptop inatumia hotspot ya simu hiyohiyo basi bando moja linalipia mara mbili. Zima kushusha picha na video kwa otomatiki kwenye simu, na kama umeweka programu ya kompyuta uzime na huko, ushushe zile unazozihitaji tu. Na siku ya kuunganisha fanya ukiwa na intaneti nzuri maana lile furushi la chati za nyuma linachukua muda.

Kikwazo chako kikubwa ni hiyo Windows 7. Programu yenyewe ya WhatsApp ya kompyuta inataka Windows 10 kwenda juu, kwa hiyo ungebaki na brauza tu, na Chrome iliacha Windows 7 tangu mwanzo wa 2023, toleo lake la mwisho huko ni la 109. Microsoft wenyewe waliacha kuirekebisha Januari 2020. Inawezekana WhatsApp ikafunguka leo, ila unakuwa unaweka chati za biashara kwenye kompyuta ambayo matundu yake hakuna anayeyaziba, mimi nisingefanya hivyo. Windows 10 ni nafuu kidogo lakini nayo marekebisho yake ya kawaida yaliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 laptop za enzi hizo nyingi inazikataa. Kwa laptop kama yako na kazi yako ningekuwekea Linux Mint, mfumo wa kompyuta unaokaa badala ya Windows, ni bure kabisa, ni nyepesi, ukiwasha unafungua Firefox na WhatsApp Web iko palepale na majibu yako ya haraka na lebo zako. WhatsApp hawana programu yao rasmi ya Linux, kwa hiyo kupiga simu za sauti na video endelea na simu yako. Kama ina RAM ya GB 2 ongeza zifike 4, ukiweza na diski ubadilishe iwe SSD, diski ya kisasa yenye kasi, utaona kama umenunua nyingine.

Kitu kingine kinachotofautisha kompyuta na simu ni mafaili. Kwenye simu faili hatari la Windows haliwezi kufanya lolote, linakaa tu, lakini kwenye kompyuta ukilibonyeza mara mbili linaamka. Mwaka 2025 Meta, wenye WhatsApp, walirekebisha kasoro kwenye WhatsApp ya Windows, matoleo ya kabla ya 2.2450.6, ambapo faili lingeweza kuonekana ni picha kumbe ukilifungua linajiendesha kama programu. Mwaka huohuo kule Brazil kilisambaa kirusi kinachokuja kama faili la ZIP kutoka kwa mtu unayemjua, ukilifungua kwenye kompyuta kinaitumia WhatsApp Web yako kujituma kwa watu wako wote. Kwa hiyo mteja akikutumia oda kama ZIP, mwambie aiandike kwenye meseji au apige picha, hakuna oda ya vitenge inayohitaji ZIP.

Utakapoipeleka laptop kwa fundi, iwe kuweka Linux au kuongeza RAM, kabla hujaitoa nyumbani ingia kwenye ile orodha ya simu na uitoe, utaiunganisha tena ikirudi. Na fundi akikushauri akuwekee Windows ya bure ambayo ili ikubali inabidi kwanza azime antivirus na kuwasha kiprogramu fulani cha kuiamsha, kataa, hicho kiprogramu hakuna anayejua kinabaki kinafanya nini na chati za wateja wako zitakuwa zinapita mbele yake kila siku.